Katambuga za Mzee Shija

Mara ya kwanza nilipomwona Suzana anakimbia, nilikuwa namfukuza nimpige.

Ndama wao alikuwa ameingia kwenye ufuta wa mama yangu, kule pembezoni mwa Mandawa, na mimi nilikuwa juu ya pikipiki nawafuata wote wawili, ndama na mwenye ndama, huku nikipiga honi na kutukana kwa Kimwera ili nisieleweke vizuri. Ndama akatoka shambani akashika barabara ya vumbi. Msichana akamfuata. Nikaongeza mafuta. Basi ndugu yangu, sikuwapata. Barabara ile ina makorongo, nakubali, na pikipiki yangu si ya jana. Lakini mtoto yule alikuwa amevaa katambuga, zile ndala za matairi wanazovaa wafugaji, na kitenge chake amekipiga fundo juu ya goti, na mguu wake unagusa ardhi kama mtu anayeonja chai ya moto. Kishindo hakuna. Alimpita ndama, akamgeukia, akamshika sikio. Nilipofika hasira zilikuwa zimeniisha zote. Yeye akanipigia goti, akaniamkia, akaomba radhi kwa ajili ya ufuta, na mimi badala ya kumjibu nikamuuliza baba yake ni nani.

Mimi ni Fauzia, mwenye kibanda cha chipsi pale Ruangwa mjini. Ukiniona leo utasema mbio za mama huyu ni za kuwahi futari tu. Lakini nilipokuwa msichana nimeukimbilia mkoa wetu wa Lindi, mita elfu tano, na sitanii ninaposema kwamba nikitazama mguu wa mtu unavyotua najua huyu ni mkimbiaji au ni mtu aliyeachwa na basi. Na mguu kama ule wa Suzana sijauona tena, si Ruangwa, si Nachingwea, wala kwenye televisheni.

Baba yake, mzee Shija, alikuja huku kusini na ng'ombe wake kutoka Meatu, na sehemu kubwa ya safari aliitembea. Ni mtu wa maneno machache. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamweleza habari ya mbio kwa kirefu, na mikono nikirusha, maana mimi nikianza kuongea sijui breki iko wapi. Alinisikiliza huku akitazama zizi. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Na ng'ombe nani atachunga?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Nitachunga mimi," akajijibu mwenyewe. Mzee yule, na goti lake bovu. Tangu siku ile namheshimu, na wale jirani zangu wanaosema wafugaji hawana maana, mimi nao hatuelewani kabisa.

Basi tukaanza. Suzana alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kwa umri wake ulikuwa mwaka wa mwisho wa kushindana na vijana. Mchujo wa mkoa ulipangwa kufanyika Nachingwea, na kwa wasichana wa mita elfu tano nafasi ilikuwa moja tu. Atakayeshinda anaingia kambini, anakwenda kwenye mashindano ya taifa, na huko makocha wa timu kubwa huja kutafuta watu. Suzana alijua vizuri anachokimbilia. Siku moja tumekaa tunakunywa maji kando ya barabara akaniambia, "Mama, nikikosa hii, wataanza kuja watu wa posa. Baba hanilazimishi. Ila wakija, nitawaambia ninasubiri nini?"

Nikamwambia anyanyuke tuendelee.

Sasa mazoezi ya mbio si kukimbia tu kama watu wanavyodhani. Kuna siku ya taratibu, unakimbia huku unapiga soga. Kuna siku ya tempo, mwendo mkali wa kudumu, ambao mtu akikuuliza swali unaweza kumjibu "ndiyo" lakini hadithi huwezi kusimulia. Na kuna siku ya kasi yenyewe, unakwenda kama umeona nyoka, unapumzika, unakwenda tena. Kwa siku za taratibu nilikuwa nimempa raba za mtoto wa dada yangu, nene, laini, kama mito ya kulalia. Zilimfaa. Lakini siku ya tempo tulipotoka kuelekea Likunja, mimi mbele na pikipiki, nilimsikia nyuma yangu anakimbia kama mtu anayetoka kwenye tope. Raba ile ilikuwa inammeza mguu. Kila akikanyaga inabonyea, na mpaka ije kumwachia, hatua imeshachelewa. Nikasema hapana, huyu anahitaji kiatu cha kasi.

Tukaenda Nachingwea, kwa Jumaa, anayeuza viatu vya mitumba. Jumaa anavijua viatu vyake, tatizo lake ni moja: kila alichonacho ni kizuri. Suzana akashika kiatu kimoja kikubwa, soli yake nene ajabu, akakipima mkononi akafurahi.

"Hiki kizito, mama. Hiki kitadumu."

"Mwanangu, hicho ni kiatu au gunia la korosho? Rudisha."

"Mwache mtoto achague!" akasema Jumaa. "Hicho ni cha Ulaya hicho!"

"Cha Ulaya cha kubebea mizigo. Wewe nipishe."

Nikazama kwenye lile rundo. Nilipanga na kupangua mpaka Jumaa akaanza kuguna. Nilichokuwa nakitafuta nakijua: chepesi, ila si cha kitambaa kitupu, soli iwe na unene kidogo wa kumlinda kwenye barabara zetu za mawe, lakini ikubali kukunjika pale vidole vinapokunjika, na ukiibonyeza irudi haraka. Kisigino kishike vizuri, kisipwaye. Mbele kuwe na nafasi ya vidole kupumua. Nikakipata cha kushoto, rangi ya machungwa, kimechakaa kidogo pembeni. Nikalikoroga rundo tena kutafuta cha kulia huku naomba Mungu. Kikatokea chini kabisa.

"Vaa," nikamwambia. "Usisimame hapo kama unapigwa picha. Kimbia."

Akakimbia kwenye kile kinjia kati ya mabanda, akawakwepa kina mama wa nyanya, akageuka, akarudi. Sikusikia kitu. Alikuwa anacheka. Alisimama mbele yangu akaruka ruka kidogo, akasema, "Mama, hivi vinanirudisha juu vyenyewe."

"Ndiyo hivyo," nikamwambia. "Tumemaliza. Jumaa, funga."

Tempo iliyofuata alinikaba pumzi mimi niliyekaa kwenye pikipiki. Nilikuwa natazama kwenye kioo cha pembeni, naona uso umetulia, mabega yameshuka, viatu vya machungwa vinatokea na kupotea kwenye vumbi. Nilijikuta nalia kidogo, na nilisingizia vumbi hilo hilo. Niliona kabisa kwamba huyu anashinda.

Halafu ikafika wiki ya mchujo.

Huku kwetu, na nadhani Tanzania nzima, kiatu hakitoki dukani kikaenda mguuni moja kwa moja. Kinapita kwanza kwa fundi. Fundi anakizungushia uzi soli nzima ili isije ikafumuka, na ukitaka kidumu zaidi anakuongezea kipande cha tairi chini. Mimi mwenyewe viatu vyangu vyote vimepita kwa Masoudi, pale karibu na stendi ya Ruangwa. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba mtu halisemi, kama vile husemi mchele unapembuliwa.

Nilifika Mandawa asubuhi kumchukua Suzana kwa zoezi la mwisho la kasi. Mzee Shija akatoka kunipokea mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, na alikuwa anatabasamu mpaka jino la nyuma linaonekana.

"Kocha, njoo uone," akasema.

Suzana akatoka ndani. Miguuni ana vile viatu vya machungwa. Uzi mweupe mnene umezunguka soli yote, umekazwa barabara, na chini yake kuna tairi jeusi limekatwa vizuri kufuata umbo la kiatu. Kazi safi. Masoudi hajawahi kufanya kazi mbaya maishani mwake, ndiyo shida.

"Sasa hivi," akasema mzee Shija, "akimbie mpaka Dar es Salaam na kurudi. Havifumuki."

Nikafungua mdomo. Na hapo ndipo nilipomtazama Suzana, na Suzana akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yananishika mkono. Nikatazama chini, nikaiona miguu ya mzee. Alikuwa amevaa yeboyebo, vile viatu vya plastiki, vya mtoto wake wa kiume, na vinambana.

Katambuga zake hazikuwepo.

Ndizo zilizokuwa chini ya viatu vya Suzana. Katambuga alizozikata mwenyewe kwenye tairi la lori, akatembea nazo kutoka Meatu mpaka Mandawa zisimwangushe hata siku moja. Alikuwa amempelekea Masoudi, akamwambia amshonee binti yake, maana hajawahi kukanyagia kitu kigumu kuliko hicho.

"Vizuri, baba Suzana," nikasema.

Zoezi lile sitaki kulikumbuka. Soli haikunjiki. Mguu unashuka kama ubao. Kwa, kwa, kwa, barabara nzima, na Suzana anajitahidi, anatokwa jasho la bure. Tulipokuwa mbali na nyumbani nikasimamisha pikipiki.

"Leo jioni nampeleka Masoudi mahakamani," nikasema.

"Mama, usimwambie baba."

"Nisimwambie! Mtoto, unajua Jumamosi kuna nini?"

"Najua kuliko wewe." Aliinama, ameshika magoti. "Alifika jana anachechemea. Ametoka Ruangwa peku, hizo yebo alipewa nyumbani. Akanivalisha mwenyewe. Mama, mimi baba yangu hajawahi kunipa kitu akakishika kwa mikono miwili namna ile. Nitakimbia nazo."

"Utashindwa."

"Basi nitashindwa. Niapie hutamwambia."

Nikaapa. Mimi, Fauzia, ambaye siri ya mtu ikikaa kwangu usiku mmoja naumwa kichwa, nikaapa. Nilikuwa na hasira na mtoto yule hata nikashindwa kuwasha pikipiki, na wakati huo huo nilikuwa namwona mkubwa kuliko mimi na umri wangu wote. Nikamalizia hasira kwa Masoudi.

"Uliwezaje kukiharibu kiatu kile?" nikamfokea mbele ya wateja wake.

"Kukiharibu?" Masoudi akaweka sindano chini. "Dada Fauzia, mzee amekuja na soli yake mkononi, peku, anasema mwanangu anakimbilia mkoa. Ulitaka nimfukuze? Nimeshona mara mbili mbili. Hata gundi sikupaka, gundi ni ya wavivu. Ule ni uzi mtupu."

Nikaondoka. Kila mtu katika jambo hili alikuwa amefanya kwa moyo mweupe, na mimi ndiye pekee niliyetaka kumnyonga mtu.

Jumamosi uwanja wa Nachingwea ulikuwa umejaa. Mzee Shija alikuja, amevaa koti lake jeusi, fimbo mkononi na zile yeboyebo miguuni. Hakuwahi kumwona binti yake akishindana. Tukasimama pamoja kwenye kamba. Wasichana walikuwa wanapasha misuli, na yule wa kuogopwa alikuwa Raudha, mwenyeji wa Nachingwea, mrefu, anakimbia vizuri, viatu vyake ametumiwa na kaka yake kutoka Dar. Suzana akapita mbele yetu, karibu kabisa na kamba. Kwa, kwa, kwa.

Mzee Shija akainamisha kichwa. Suzana akazunguka, akapita tena.

"Yule si Suzana," mzee akasema.

"Ndiye, baba Suzana. Huoni viatu?"

"Namwona. Ila namsikia." Alikuwa amefumba macho. "Mimi ng'ombe wangu nawajua kwa miguu hata kukiwa na giza. Huyu mtoto huwa hana miguu. Anafika nyuma yangu zizini mpaka ananishtua. Huyu anayepita ana miguu ya mtu mzima aliyechoka."

Nilikaza kamba kwa mikono yote miwili.

"Kocha. Ni soli?"

Wallahi sijawahi kupata mtihani kama ule. Neno lilikuwa mdomoni, limeshaiva. Nilikuwa nimeapa. Nikatazama mbele, na nadhani huo ndio wakati pekee katika maisha yangu nilionyamaza nikiwa na la kusema. Mzee alinitazama upande wa uso. Yeye mtu wa maneno machache anajua kusoma ukimya.

"Suzana!" akaita. "Njoo hapa!"

Suzana akaja mbio, akataka kupiga goti kama kawaida yake. Baba yake akamzuia kwa mkono. Akalaza fimbo chini. Halafu, mbele ya uwanja mzima, mbele ya viongozi na kina mama wa karanga na wale vijana waliokuja kucheka watu, mzee Shija akashuka chini taratibu kwa ajili ya goti lake lile bovu, akapiga magoti yote mawili mbele ya binti yake. Kwa Wasukuma, kama kwetu, mtoto ndiye anayempigia goti mzazi.

"Weka mguu hapa," akasema, akigonga paja lake.

"Baba, acha. Nitakimbia nazo."

"Weka mguu, mayu." Mayu, yaani mama, ndivyo anavyomwita akiwa mpole.

Akatoa kisu chake cha kuchunia. Akaanza kukata uzi wa Masoudi, mmoja mmoja, kwa uangalifu, ncha ya kisu isiguse kiatu. Ule uzi ulishonwa mara mbili mbili, na kipaza sauti kilikuwa kinaita wakimbiaji wa mita elfu tano. Nikapiga kelele kwa wasimamizi wasubiri, wakisubiri kidogo nchi haitazama. Hapo sikuwa nimeapa chochote.

"Nilitaka uwe na kitu changu miguuni," akasema mzee, bila kuinua kichwa.

Suzana alikuwa analia waziwazi. "Baba," akasema, "miguu yenyewe ni ya kwako."

Nikaitazama miguu ya mzee, iliyochomoka kwenye yeboyebo alipopiga magoti, nikaikumbuka ya binti yake, na ilikuwa kweli. Vidole vile vile virefu, unyayo ule ule uliojikunja katikati. Nilikuwa nimeusifia mguu ule miezi yote na sikuwahi kujiuliza umetoka wapi.

Soli ya pili ikaanguka. Viatu vya machungwa vikabaki na matundu ya sindano kuzunguka pembeni, basi. Suzana akaruka ruka mara moja, akapangusa uso kwa mkono, akaenda kwenye mstari.

Raudha alitoka kwa nguvu, na namsifu, alikimbia mbio za kiume. Suzana akakaa nyuma yake kama nilivyomfundisha, ule mwendo wa "ndiyo" bila hadithi, mzunguko baada ya mzunguko, vumbi likimwingia. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mzee Shija hakutazama sana. Alisimama ameegemea fimbo, macho amefumba, na kila kundi lilipopita mbele yetu aliinamisha sikio. Mzunguko wa mwisho akafumbua macho akatabasamu.

"Simsikii," akasema.

Na Raudha naye hakumsikia. Alipogeuka kumtafuta upande wa kulia, Suzana alikuwa ameshapita kushoto. Kona ya mwisho aliikata peke yake, mabega yametulia, mguu unaonja tu ardhi na kuiacha, na uwanja ule wa Nachingwea, nyumbani kwa Raudha, ukamshangilia mtoto wa mfugaji kutoka Mandawa kama amezaliwa pale sokoni. Nikamkumbatia mzee Shija. Haifai, najua. Hakukasirika.

Suzana yuko kambini sasa. Ananipigia simu kila Ijumaa kunieleza wamekimbia tempo gani, na mimi bado namkosoa.

Mzee Shija aliziokota zile soli pale pale kwenye kamba, akazipeleka kwa Masoudi amrudishie katambuga zake. Masoudi akazitia mikanda mipya. Ila alikuwa ameshazikata kwa kufuata kiatu cha Suzana, hazirefuki tena, kwa hiyo mzee anachunga ng'ombe huku visigino vyake vinakanyaga chini. Nimemnunulia nyingine, amezitundika ukutani. Juzi kuna kijana alimcheka pale mnadani, akamwambia, babu, hizo si saizi yako.

Mzee akainua mguu juu ili yule kijana aone vizuri.

"Najua," akamwambia. "Hizi ni saizi ya Suzana."